Futari ya Kupigwa Picha

Majirani zangu, hapa kwetu Zagazigi hakuna asiyemjua Wagdi, yule mwenye duka la majiko na mafriji karibu na stesheni ya treni. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema msije mkamhukumu kabla sijafika katikati. Ana mkono wazi, baba yake anamheshimu, na mkewe Insaf hajawahi kulala njaa. Ila ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe siku hizi umeingia karibu kila nyumba, kwa hiyo msimcheke sana.

Jioni moja ya Ramadhani walikuwa wamekaa roshani baada ya tarawehe. Upepo ulikuwa mzuri, watoto, Lamia na wadogo zake, wamekwenda kwa bibi yao mzaa mama, nyumba imetulia. Insaf alikuwa anamenya machungwa. Mkwewe, Haji Rushdi, mzee wa miaka sabini na ushei, alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari na kuilalamikia kama kawaida yake, maana kisukari kilimnyang'anya utamu aliouzoea tangu utoto.

"Hii si chai, binti yangu. Haya ni maji yaliyopita karibu na chai."

"Kunywa hivyo hivyo, baba. Nikikutilia sukari, daktari atanipiga mimi."

Wakacheka wawili hao. Wagdi hakucheka, kwa sababu simu yake ilikuwa imelia. Tamer, mume wa dada yake, alikuwa ametuma picha katika kundi la familia: yeye na mama yake mzazi wanafuturu ndani ya meli ya starehe, Kairo, juu ya Mto Nile, meza imefurika na taa za jiji ziko nyuma yao. Pongezi zilikuwa zinamiminika. Shangazi mmoja aliandika, "Huyu ndiye mwana anayejua kumtunza mzazi."

Insaf alimwona mumewe akilisoma neno hilo mara ya pili, kisha ya tatu, na taya zikimkaza. Akajua amani ya jioni ile imekwisha.

"Baba," Wagdi alisema, "Alhamisi nakupeleka Kairo."

"Kairo? Kufanya nini, na mwezi huu na miguu hii?"

"Kula, baba. Kula na kunywa kama watu."

"Basi nipeleke nikasali msikitini kwa Sayyidna Hussein, halafu nitakula maharage popote. Nina siku nyingi sijasali pale."

"Maharage utayala hapa. Kule niachie mimi."

Kuanzia hapo Wagdi hakuwa na kazi nyingine. Dukani wateja waliuliza bei ya jiko wakamkuta ameinama kwenye simu, anatazama video za watu wanaokula. Alipanga kila kitu. Futari ndani ya meli ileile, tena meza ya mbele kuliko ya Tamer. Baada ya tarawehe, kunafa, andazi tamu la krimu, kwenye duka ambalo watu hupanga foleni hadi barabarani. Kisha maji ya ukwaju kwa yule muuzaji mwenye birika kubwa la shaba, kisha kahawa, kisha daku. Akamsomea mkewe mpango wote kwa sauti, kifua mbele.

Insaf alisikiliza hadi mwisho. Nusu ya vitu vile ni sukari tupu, na anayepelekwa ni mgonjwa wa sukari. Alitaka kuuliza, "Na baba atakula nini humo?" Hakuuliza. Mumewe alikuwa na furaha, naye hakutaka kuwa mtu wa kumwagia maji baridi. Likumbukeni hilo, maana tutalijadili.

Sasa kuna jambo lazima mlijue. Daktari alikuwa amemkataza Haji kufunga. Haji akamjibu kwamba alianza kufunga kabla baba wa huyo daktari hajaota ndevu. Walivutana, mwisho wakakubaliana hivi: akianza kutetemeka mchana, avunje saumu palepale, na asipotetemeka, basi adhana ya magharibi ikilia tu, kabla ya salamu wala supu, ale tende na kunywa kitu kitamu. Asisubiri. Wagdi alikuwapo siku hiyo na akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo mkoba wa Insaf haukukosa tende na pakiti ya juisi ya embe.

Alhamisi, wakiwa mlangoni, Wagdi akaona mkoba umetuna.

"Nini hicho?"

"Tende za baba na juisi."

"Mama Lamia, tunakwenda mahali pa heshima. Wana watu mlangoni, wanakagua. Unataka wanitolee pakiti ya juisi mbele za watu, nionekane nimetoka shamba?"

"Ikitokea tumechelewa?"

"Mimi nimechelewa lini?"

Hilo ni swali ambalo mke yeyote angeweza kulijibu hadi Idi. Lakini mzee alikuwa ameshashuka ngazi, gari linanguruma, na Insaf hakutaka ugomvi na saumu mdomoni. Akazitoa tende na juisi, akaviacha mezani.

Walifika Kairo mapema. Haji alisali Alasiri kwa Sayyidna Hussein, akatoka uso umemng'aa, na kama siku ingeishia hapo ingekuwa njema. Lakini Wagdi alitaka picha. Alimtembeza baba yake juani hadi kwenye duka la kunafa, ambalo lilikuwa bado limefungwa, akamsimamisha chini ya kibao. Akampeleka hadi kwa muuza ukwaju, naye bado hajafungua. "Tabasamu, baba. Inua mkono kidogo." Mzee aliinua mkono. Waliporudi garini alikuwa anavuta miguu, na Insaf alimshika kiwiko akauona mwepesi, kama mkono wa mtoto.

"Unatetemeka, baba?"

"Uzee huo, binti yangu. Twende."

Saa hiyo ndiyo Kairo nzima inakimbilia nyumbani kufuturu. Walikwama kabla hata hawajaiona Nile. Magari yalisimama ubavu kwa ubavu, honi juu ya honi, na Wagdi anapigapiga usukani kwa viganja. Meli ilikuwa inang'oa nanga mara tu baada ya magharibi. Ukikosa, umekosa, na Tamer atacheka mwaka mzima.

Insaf alikuwa kiti cha nyuma. Hakuwa anaangalia barabara. Alikuwa anaangalia shingo ya mkwewe, aliyeketi mbele kwa heshima. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza mpaka yeye mwenyewe amejifunika mtandio mabegani, lakini shingo ya mzee ilikuwa inatiririka jasho na kola ya kanzu imelowa. Kliniki walishamwambia jasho la namna hiyo ni dalili ya sukari kushuka.

Adhana ikalia. Ikapokelewa na msikiti wa pili na wa tatu, na kama ilivyo kila Ramadhani, watu wakaingia katikati ya magari na mabeseni ya tende na vikombe vya ukwaju, wanampa kila aliyenaswa njiani. Pembeni mwa barabara ilikuwa imetandazwa meza ndefu ya Rahmani, ile ambayo hukaa yeyote bila kuulizwa jina, tajiri kwa mkata. Mtu mmoja mnene mwenye aproni aligonga kioo cha upande wa Haji.

"Futuruni, jamani. Mungu awapokelee."

Wagdi aliweka kiganja kifuani kushukuru, akabonyeza kitufe, kioo kilichokuwa wazi kidogo kikapanda hadi juu. "Hizo ni za wasio na pa kufuturu," alisema. "Sisi meza yetu inatungoja."

"Chukua moja tu, kwa ajili ya baba," Insaf alisema.

"Ile picha ninayoitaka ni ya tende yake ya kwanza, pale mtoni. Akila hapa, pale tutapiga picha ya nini? Ni kona hii tu, tumefika. Baba, unaweza kuvumilia kidogo, sivyo?"

Haji hakugeuka. "Endesha, mwanangu. Usijali mimi."

Nani kati yetu hajawahi kuambiwa hivyo na mzazi, akaamini kwa sababu kuamini ndiko kulimfaa? Insaf alifungua mdomo. Akaufunga. Aliwaza aibu ya kumbishia mume mbele ya baba yake. Aliwaza pengine ni kona moja kweli. Mtu mwenye aproni akapita kwenye gari la nyuma, tende zikaenda naye.

Magari yakasogea hatua chache, yakasimama tena. Ndipo Haji akasema, kwa sauti nzito kama ya mtu anayeongea usingizini, "Fathiya amemfunga nyati? Giza linaingia."

Wagdi akacheka. "Umemsikia baba? Leo ana utani."

Insaf hakucheka. Fathiya alikuwa mama mkwe wake, na aliyemwosha alipofariki ni yeye Insaf. Nyati wa maziwa waliokuwa wanawafuga waliuzwa walipohama kijijini, Wagdi akiwa bado mwanafunzi.

"Simamisha gari."

"Limesimama, mama. Huoni? Hata nikitaka..."

Hakumngoja amalize. Alifungua mlango katikati ya foleni, akapita kati ya magari, honi zikimtukana, hadi kwenye ile meza. Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye wenzake walikuwa wanamwita Mama Karima, alikuwa anapakua wali.

"Nipe asali, dada yangu, nakuomba. Au sukari. Mkwe wangu ana kisukari na sukari imemshuka, anaanza kupotea."

Mama Karima aliangusha upawa. Wanaume waliokuwa wamefunga tangu alfajiri waliacha matonge ya kwanza kwenye sahani wakakimbilia garini. Walimkuta Haji kichwa kimelala kifuani, macho nusu wazi, haitikii jina. Wagdi alikuwa amemshika mabega, anamwita baba, baba, baba, na uso wake umekuwa mweupe kama karatasi. Kijana mmoja alileta kikombe cha ukwaju akitaka kummiminia.

"Usimnyweshe, atapaliwa," Insaf alisema. Hayo aliyajua kliniki, kwa sababu yeye ndiye anayempeleka kila mwezi. Alichota asali kwa kidole akampaka ndani ya shavu, kwenye fizi, akasugua polepole. Akachota tena, akasugua.

Mtu mmoja aliita gari la wagonjwa, akaambiwa linakuja, lakini kila mtu aliiona foleni. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Simu ya Wagdi ikalia mkononi mwake, naye akaipokea bila kujua anafanya nini. Sauti nzuri ya msichana ikasema, "Mheshimiwa, ni kutoka melini. Tunaondoka sasa hivi, mko wapi?" Wagdi aliitazama simu kana kwamba hajawahi kuiona, akaiachia ikaanguka kitini.

Insaf alikuwa analia na kusugua. Hofu ilikuwa imemkamata, na zaidi ya hofu ilikuwa hasira, na hasira yenyewe hakumwonea mumewe peke yake.

Hatimaye ulimi wa Haji ulisogea, ukalamba. Kope zikacheza. Alimeza. Macho yakafunguka, yakatangatanga, yakamwona Insaf, na safari hii akamwita kwa jina lake. Watu wakapumua kwa pamoja. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe walimpa ukwaju, kisha wakamketisha kwenye kiti, wakambeba nacho hadi kwenye meza, Mama Karima akamwekea mkate na wali mbele yake.

Wagdi alipiga magoti kwenye vumbi, na suruali yake ya kumetameta, akamshika baba yake miguu.

"Baba, kwa nini hukuniambia? Adhana imelia, wewe una hali hiyo, kwa nini hukusema neno?"

Mzee alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza zaidi.

"Adhana niliisikia, mwanangu. Lakini mimi ni mgeni wako leo. Safari yako, meza yako. Nilikuwa nangoja uniambie nile."

Wagdi aliweka paji la uso kwenye magoti ya mzee akalia mbele ya watu asiowajua, na hakuna aliyempiga picha. Gari la wagonjwa lilipofika walimpeleka Haji hospitali, wakamlaza hadi Jumamosi. Madaktari walisema angechelewa kidogo zaidi, wangekuwa wanazungumza mengine.

FUNZO

Mtasema nimemsema Wagdi. Nimemsema, naye ameniruhusu, ndiyo maana nimeweza kuyaeleza haya. Ugonjwa wake ni wa kutaka tuonekane tunawapenda wetu, mpaka tukasahau kuwaangalia. Anayepanga safari ya mjini asianze na mahali wanapopasifia watu. Aanze na yule anayempeleka: anaweza kula nini, anapaswa kula saa ngapi, na miguu yake inafika wapi. Mwenye kisukari asitoke nyumbani bila kitu kitamu mfukoni, hata akialikwa ikulu. Na daktari akikataza saumu, dini nayo imekupa ruhusa. Usiifanye kuwa ubishi.

Lakini wako na wengine hapa wanaotikisa kichwa na kusema, "Huyo Wagdi, huyo!" Hao nawaambia alichoniambia Insaf. Alisema kinachomnyima usingizi si kile kioo mumewe alichokipandisha. Ni kwamba aliiona hatari roshani, akaiona mlangoni, akaiona shingoni mwa mzee, na kila mara akachagua amani ya nyumba. Amani inayonunuliwa kwa kunyamaza mbele ya hatari ni deni, na siku ile nusura alilipe mtu mwingine.

Basi wenye wazazi, siku watakapokuwa wageni wenu, wao hawatawaomba. Watawaambia endesha, usijali. Msiwaamini. Adhana ikilia, iacheni simu mfukoni, mshikeni mzazi mkono, mwambieni: kula, baba.