Herufi Tatu Ndani ya Kabini

Fundi mkuu alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gereji, tochi ikiwa bado inawaka mkononi. Tairi la mbele la lori lilikuwa limempita kifuani. Lori lenyewe lilikuwa limerudi nyuma hadi ukutani na kutulia huko, kama halikuhusika.

Inspekta alichuchumaa, akamulika. Kibati cha utambulisho cha giaboksi kilikuwa kimeliwa na kutu. Marehemu aliingia uvunguni kutazama umbo la sampu, bakuli la mafuta chini ya giaboksi, na mpangilio wa nati zake, ajue otomatiki hiyo ni ya aina gani kabla ya kuagiza vipuri.

"Nani alikuwepo?"

"Mimi, afande." Alikuwa mdogo wa marehemu, mpaka rangi wa gereji, mikono imejaa rangi ya buluu hadi kwenye viwiko. "Wengine walikuwa wanakunywa chai. Dereva aliliacha lori kwenye N, gia huru, mzembe yule! Nilipoona linasogea niliruka kabini, nikabonyeza P, ile ya kuegesha. Nikachelewa."

"Ulibonyeza P?"

"Kwa kidole hiki hiki."

Kituoni, mkuu wa kituo alikuwa keshaimaliza kesi kichwani.

"Dereva kakiri mwenyewe aliliacha N. Penye mteremko! Hata mimi na kigari changu naweka P. Mchana apelekwe mahakamani."

Kwenye kaunta, mke wa dereva alisimama na mtoto mgongoni. Hakulia. Aliwauliza askari wote waliopita swali moja: viatu vya mume wake viko wapi?

Inspekta alimkuta dereva mahabusu, pekupeku.

"Uliliacha N?"

"N, afande. Nikavuta breki ya upepo, nikazima injini, nikatia magogo kwenye matairi."

"Kwa nini hukuweka P?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumvisha ng'ombe soksi.

"Afande, injini ikizimwa mafuta hayasukumwi, gia haishiki kitu. Lori lile linashikwa na breki tu. Kapande ujionee."

Inspekta alirudi gereji, akapanda. Hapakuwa na pedali ya klachi. Pembeni mwa kiti palikuwa na vitufe: R, N, D, na mishale miwili ya kupandisha na kushusha gia. Akavihesabu tena, akapapasa hadi chini ya dashibodi. Kisha akatazama kishikio cha breki ya upepo. Kilikuwa kimesukumwa ndani, breki imeachiwa. Juu yake palikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu.

Wataalamu wa alama za vidole walipomaliza kupiga picha, alimwita mpaka rangi.

"Panda. Nionyeshe P uliyobonyeza."

Mpaka rangi alipanda kwa haraka. Mkono ukaenda kwenye vitufe, ukasita, ukazunguka, ukarudi. 

"Ilikuwa hapa..."

"Haijawahi kuwa hapo."

Inspekta alimpa onyo la kisheria, neno kwa neno. Mpaka rangi alisikiliza, akauweka mkono mapajani.

"Nilisogeza magogo kwa mguu. Nikafungua mlango, nikanyoosha mkono, nikasukuma breki. Breki naijua, kwenye malori yote inafanana. Hivyo vitufe sikuviangalia."

"Kwa nini?"

"Mama alimwachia kaka wosia anifundishe giaboksi. Kila nikisogea: 'Wewe kaa na rangi yako, utalichafua.' Jana kawaita mafundi wote, katangaza atamfundisha otomatiki yule dereva. Mtu wa kuja! Mimi niliyenyonya ziwa moja naye nimeshika brashi, nachekwa."

"Kwa hiyo ukaona uwamalize wote wawili."

Mpaka rangi alikwangua rangi iliyokauka kwenye kucha.

"Miaka yote hiyo hapa gereji, hukujua otomatiki ya lori kama hili haina P?"

"Ningejulia wapi, afande?" Alivitazama vile vitufe. "Hakuniruhusu kukaa kwenye kiti hiki hata siku moja."

Inspekta alimfunga pingu, akamshusha. Kisha akapiga simu kituoni.

"Mrudishieni dereva viatu vyake."