Kaka Alimfungulia Baba Mlango Katikati ya Tembo

Nilipogeuka nyuma, kiti cha baba kilikuwa kitupu na mlango wa gari uko wazi...

Tulikuwa ndani ya hifadhi ya Tarangire, jamani. Chini mtoni kulikuwa na kundi la tembo na watoto wao!

Baba yangu, Mzee Damasi, alikuwa na miaka themanini. Anatembelea fimbo.

Kaka yangu Octavian, aliyekaa naye nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba yuko wapi?"

Akaendelea kutazama viatu vyake.

"Kaka, nakuuliza."

"Ameshuka," akasema. "Nimemfungulia mimi."



Mimi naitwa Edda, kwetu ni Singe, Babati. Mwaka huo wa 2009 baba alikuwa ametuomba tumpeleke hifadhini kabla hajafa. Tukadhani anataka kuona wanyama.

Dereva, Hilary, alikuwa amesimama, amefungua boneti kuongeza maji kwenye rejeta. Mimi nilikuwa nimesinzia siti ya mbele...

Sasa mjue kitu kimoja. Mimi na Octavian tulikuwa hatuelewani miaka miwili, kisa shamba. Yeye alitaka ligawanywe, mimi sikutaka.

Kwa hiyo nikawaza mnachowaza nyinyi: huyu kamshusha baba auawe na wanyama!

Nilimkaba shati. Nikamtamkia maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika hapa.

Hakujitetea. Alisema tu kwamba baba alimwomba amwache peke yake kidogo.

Hilary akaondoa gari taratibu kufuata njia ya mtoni. Simu haina mtandao. Nilianza Salamu Maria nikaishia katikati, nikaanza tena...

Tukakutana na askari wa hifadhi, Egidius, ana bunduki. Akapanda, tukaendelea kumtafuta.

Tulimwona baba kwenye mteremko, amepiga magoti, anapapasa mawe.

Tembo jike alikuwa kama hatua thelathini kutoka kwake. Masikio ameyatandaza.

Egidius akatuambia tusishuke, tusipige kelele.

Octavian akashuka.

Alitembea polepole mpaka akasimama kati ya baba na yule tembo. Mikono imelegea pembeni. Sijui alisimama muda gani. Mimi niliona kama siku nzima...

Yule mnyama akapuliza vumbi, akageuka, akawafuata watoto wake.

Kaka akambeba baba mgongoni mpaka kwenye gari.

Baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

"Mtoto wetu wa kwanza nilimzika hapa," akasema. "Tulikaa huku kabla hapajawa hifadhi. Mama yenu alinikataza nisimtaje."

Nikamuuliza kama ameliona kaburi.

"Ni hapa, au ni pale chini. Mto umehama. Sikumpata."



Kumbe Octavian alijua. Baba alimwambia wiki ile ya msiba wa mama, na ile safari walipanga wawili.

Tulipofika Babati nilimuuliza kaka kwa nini alinificha jambo zito namna ile.

Hakukasirika. Alinijibu kwa sauti ya chini:

"Nilikupigia mara nyingi, Edda. Ulikuwa hupokei."

Ndugu yangu unayesoma hapa... mashamba yatabaki, sisi tutapita. Yule uliyemnunia, pokea simu yake leo. Hujui amebeba habari gani ya kwenu.