Ndege Mia Mbili na Kumi na Wanne

Kengele ya kutoka ilipolia, Selina Tluway hakubaki uwanjani kucheza rede na wenzake. Alikuwa darasa la sita. Wazazi wake walikuwa wakulima katika kijiji cha Qurus, lakini muhula wote wa shule alikaa mjini Karatu kwa shangazi yake, Katarina, aliyesimamia chumba cha kompyuta katika kituo kimoja cha vijana. Selina alifika pale, akavua viatu mlangoni, akachukua kitambaa kikavu na kuanza kufuta vumbi. Vumbi la Karatu ni jekundu na hupenya popote. Mwaka ule wa 2007 mvua zilichelewa, na lilipenya hata katikati ya vitufe vya kibodi.

Kompyuta zilikuwa mbili tu. Ile ya karibu na mlango ilikuwa ya barua na vyeti, na Selina hakuruhusiwa kuigusa. Ya dirishani ilikuwa ya kujifunzia, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi wa mchana siku za Jumapili.

Hakutaka kuitumia tu. Alitaka kujua kwa nini ilikuwa hivyo ilivyo.

"Kaka Martini, nani aliamua kitufe hiki kikae hapa?" alimuuliza siku moja fundi wa simu na kompyuta, kijana kutoka Rombo aliyekuwa na duka dogo karibu na stendi.

Martini alicheka. "Kuna mtu aliketi mezani akaamua. Lakini kuna programu zinazoitwa programu huria. Hizo waliozitengeneza wamesema: chukua, tumia, mgawie mwenzako, na usipoipenda, ibadilishe. Kwa hiyo ukitaka kitufe kikae kwingine, wewe ndiye mwenye uamuzi."

Maneno hayo yalimwingia Selina. Martini alimpa programu mbili tatu za bure, naye akaanza kuibadilisha kompyuta ya dirishani kidogo kidogo, huku shangazi akimwangalia. Aliweka picha ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa ziwa lililomo ndani ya kreta ya jirani. Aliibadili sauti ya kuwaka ikawa mlio wa njiwa. Kisha akagundua kwamba programu ya kuandikia ilikuwa na orodha ya maneno yake yote, na kwamba orodha ile iliweza kuandikwa upya. Alikaa na kamusi wiki nzima. Alipomaliza, menyu iliyokuwa ya Kiingereza ilisomeka: Fungua, Hifadhi, Chapisha, Funga.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mzee Moringe. Huyu alizaliwa Nainokanoka, akachunga ng'ombe wa baba yake hadi alipokuwa kijana, kisha akawa mwongoza watalii kwa miaka mingi. Kila Jumamosi alikuja kituoni kuandika habari za ndege kwenye kompyuta ile ya dirishani: jina kwa Kiswahili, kwa Kimaasai na kwa Kiiraqw, anakojenga kiota, na wazee walisema nini juu yake. Kwa miaka sita alikuwa ameandika ndege mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na ukurasa wake. Mwisho wa mwezi kazi hiyo ilikuwa ipelekwe Arusha ikachapwe kitabu cha shule.

"Shikamoo, mzee," Selina alimsalimu.

"Marahaba, binti yangu. Leo mashine imejifunza nini?"

Kila Jumamosi alimuuliza hivyo.

Siku moja Martini alimwonyesha Selina sidii. Ndani yake mlikuwa na mfumo mzima wa kompyuta, wa bure, unaoweza kubadilishwa kila kitu: rangi, herufi, sauti, lugha.

"Unaiingiza, unawasha, unautazama ukiendeshwa na sidii yenyewe," alisema Martini. "Ukitoa sidii, kompyuta inarudi kama zamani. Lakini kuusimika kabisa ndani ya kompyuta, usijaribu. Siku hiyo niite. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Na kweli alikuwa amesikia. Siku tatu aliutazama tu. Alibadili rangi, akapanga picha ndogondogo zizunguke kama maua. Kilichomsumbua ni kwamba kila alipozima, kazi yake yote ilipotea. Ijumaa mchana, shangazi alipokwenda benki, Selina alikitazama kile kitufe cha kusimika kilichokuwa pembeni ya kioo. Alijiambia kwamba atasoma ukurasa wa kwanza tu, kisha atafunga.

Akasoma wa kwanza, akabonyeza. Wa pili ukaja, akabonyeza. Wa tatu ulikuwa na maneno mengi ya Kiingereza na alama ya pembetatu ya njano. Alielewa neno "diski" na neno "yote". Mengine hakuyaelewa. Lakini kidole kilikuwa tayari kimebonyeza ndiyo.

Mstari wa buluu ulianza kutembea polepole. Ulipofika karibu na nusu, feni ya kompyuta ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika.

Uliporudi baada ya robo saa, Selina aliwasha kompyuta. Hakuna heroe, hakuna mlio wa njiwa. Kioo kilikuwa cheusi, na mstari mmoja mweupe ulisema kwamba hakuna kitu cha kuwasha. Alitoa sidii, akaificha ndani ya daftari la hesabu.

Shangazi aliporudi alijaribu mara tatu, kisha akashika kiuno. "Umeme huu! Umetuulia kompyuta!"

Selina alilitia daftari la hesabu mkobani, akaanza tena kufuta vumbi.

Kesho yake Mzee Moringe alikuja kama kawaida. Katarina alimweleza kwamba umeme umeiharibu kompyuta, na kwamba Jumatatu kijana mmoja atakuja kuifuta yote na kuweka programu upya.

"Na ndege wangu?" aliuliza mzee.

"Una nakala mahali pengine?"

Mzee alitikisa kichwa. "Yale madaftari ya mwanzo yaliliwa na mchwa. Kosa ni langu, Mama. Uliniambia mara ngapi niweke nakala nyingine, nami nikasema wiki ijayo." Aliketi kwenye benchi, akaomba karatasi na kalamu, akaanza kuandika majina ya ndege kwa kichwa, mmoja chini ya mwingine. Alipofika wa thelathini na kitu alisimama, akafuta uso kwa kiganja, akasema taratibu, "Yule bibi wa Qurus aliyenipa majina ya chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, amekwisha kufariki. Nitamuuliza nani sasa?"

Selina alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Aliona kwamba mtu mzima alikuwa anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Hilo hakuweza kulivumilia.

"Si umeme, shangazi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wala si kosa la mzee. Ni mimi."

Aliwaeleza yote, tangu kitufe hadi daftari la hesabu. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha neno. Shangazi alikichukua kile kitambaa mkononi mwake, akakiweka mezani. Mzee Moringe aliacha kuandika. Aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

"Kamwite Martini," shangazi akasema. "Na umwambie mwenyewe."

Selina alikimbia mpaka stendi. Martini aliposikia aliacha simu aliyokuwa akiitengeneza, akachukua begi lake.

"Kuna mtu ameandika chochote kwenye kompyuta hiyo tangu jana?" aliuliza njiani.

"Hapana. Haiwaki. Ila Jumatatu ataifuta mtu mwingine."

"Basi tumewahi."

Alipofika alieleza wote wasikie. "Alichofanya Selina ni kama kung'oa orodha ya yaliyomo kitabuni na kuanza kuandika juu ya kurasa. Kurasa nyingi bado zipo, lakini hatujui ziko wapi. Kila kitu kipya kinachoandikwa kinafunika ukurasa mwingine wa zamani. Kama angenyamaza hadi Jumatatu, nisingekuwa na la kuwasaidia."

Alitoa sidii nyingine, ya programu huria ya kutafuta mafaili yaliyopotea. Ilifanya kazi tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ilipomaliza, ilikuwa imeokota mafaili zaidi ya elfu mbili na kuyaweka kwenye diski aliyokuja nayo Martini, lakini yote bila majina, namba tupu tu. Barua, picha, vipande visivyosomeka na kurasa za ndege vyote vilikuwa vimechanganyika kama maharage na mahindi gunia likipasuka.

"Mashine imefika mwisho wake," alisema Martini. "Sasa anatakiwa mtu wa kufungua moja moja na kusoma."

"Nitasoma mimi," alisema Selina.

Wiki mbili alisoma, kila siku baada ya shule, kwenye kompyuta ya mlangoni, akiwa na shangazi kando yake. Alifungua faili, akasoma, akaliita kwa jina lake: tai, kanga, tandawala, mbuni ambaye kwa Kimaasai ni esidai. Macho yalimuwasha. Siku nyingine alipata ndege watano tu. Lakini alianza kuwajua, na njiani kwenda shule alisimama kusikiliza milio ambayo zamani aliipita tu. Ukurasa wa chozi ulipofunguka, alipiga kelele mpaka watu wa jirani wakachungulia.

Walipatikana ndege mia moja tisini na sita. Kumi na wanane hawakuonekana kabisa. Mzee Moringe aliketi na Selina Jumamosi mbili mfululizo, yeye akisimulia na Selina akiandika, na kila walipomaliza ukurasa waliweka nakala kwenye flashi ya mzee na nyingine dukani kwa Martini. Kazi ilikwenda Arusha ikiwa imechelewa siku nne, lakini ilikwenda yote.

Siku kazi hiyo ilipoondoka, Martini alikuja kuusimika ule mfumo wa bure kwenye kompyuta ya dirishani kwa utaratibu, baada ya shangazi kukubali. Safari hii Selina alipewa chumba chake ndani ya kompyuta, chenye jina lake na nenosiri lake. Humo angeweza kubadili chochote bila kugusa kazi ya mtu mwingine. Lakini alikaa mbali, mikono nyuma.

Mzee Moringe alimwona. "Mbona hugusi?"

"Naogopa, mzee."

"Njoo hapa." Alimvutia kiti. "Sikia, binti yangu. Kutaka kujua si kosa. Bila hilo nisingekuwa na ndege hata mmoja. Ulikosea pale ulipokatazwa ukafanya, tena juu ya kazi isiyokuwa yako. Ukakosea tena ulipoficha. Lakini uliposema kweli, ulisema mapema, ndiyo maana tumepata cha kuokoa. Kisha hukukimbia kazi ya kurekebisha. Hayo matatu yashike: uliza kabla ya kugusa cha mwenzio, ukiharibu sema siku hiyohiyo, na ukae mpaka kitengemae. Ukiyashika, mashine hii ibadilishe utakavyo."

Shangazi Katarina alisogeza kipanya mbele ya Selina. "Haya," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. "Anza. Mimi nataka herufi kubwa."

Selina alivuta pumzi, akasogeza kiti karibu. "Kubwa kiasi gani, shangazi?" aliuliza.