Maji Kwenye Tangi la Jenerali

Pikipiki ya Boxer iligonga shimo, ikaruka, ikatua.

Yusta hakupunguza mwendo. Mbele yake, kwenye vumbi la barabara ya Masanze, Land Cruiser nyeupe ilizidi kuyoyoma. Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Kuku wasitoke bandani," alisema Mkuu wake kutoka Dar es Salaam.

"Na jogoo?"

"Achinjwe."

Kuku ni shehena ya meno ya tembo waliouawa pembezoni mwa Mikumi, iliyokuwa ndani ya gari lile. Jogoo ni Meja Jenerali mstaafu Octavian Chogohe. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha Yusta kurusha ndege kabla Idara ya Usalama haijamchukua kuwa jasusi.

Mtoto wa katekista wa milimani, Chogohe alipanda ndege ya kivita kabla hajapanda basi lenye viti vizima. Vita vya Kagera vilimkuta rubani kijana. Alirudi na nishani ya ushupavu na kovu shavuni. Vyeo vikafuata. Akafundisha, akaamuru, akastaafu kwa gwaride. Ukimwita mwizi mbele ya watu wa Kilosa, tafuta kwanza mlango wa kutokea.

Lakini mwizi alikuwa.

Tangu mwaka jana alikuwa akimrushia ndege Kastner, mgeni aliyejidai mnunuzi wa ufuta. Alipita mabondeni, chini kabisa, rada zisimwone. Mwezi uliopita askari wawili wa wanyamapori waliwakaribia watu wa Kastner. Wamezikwa. Kwa nini mzee aliingia humo? Labda alichoka kuitwa meza kuu kwenye harusi za watu. Labda alipenda kuruka kuliko alivyoipenda nchi.

Yusta hakutaka kumuua. Jana mchana, walinzi walipokuwa wameikodolea macho mechi ya Simba na Yanga kwenye simu, alinyemelea hadi kwenye ndege yao, Cessna 206, na kumimina maji katika matangi yote mawili. Maji hukaa chini ya mafuta. Na Jenerali aliwakaririsha wanafunzi wake sheria moja kama Amri Kumi: rubani hapandi kabla hajakinga mafuta ya chini ya tangi kwenye glasi akayatazama juani. Angeyaona maji, angekataa kuruka, polisi wangefika, naye angesimama mahakamani akiwa hai. Mkuu hakuambiwa hila hiyo.

Tatizo ni kwamba mafuriko kutoka milimani yalikuwa yamebeba daraja la upande wa polisi. Walikuwa bado wanazunguka kwa njia ndefu.

Alilaza Boxer kwenye mikonge, akaitoa bunduki yake ya Dragunov kwenye gunia, akajilaza. Uwanja mdogo wa ndege wa shamba la zamani ulikuwa wote ndani ya darubini. Jenerali aliizunguka ndege, akipapasa bawa kwa kiganja. Akainama na glasi. Akaiinua juani.

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kataa, Mzee," Yusta alinong'ona.

Mzee aliyamwaga maji ya glasi chini, ya tangini akayaacha. Aliangalia vilima, akasogea mlangoni. Kinasa sauti ambacho Yusta alikipachika jana chini ya kiti cha ndege kilimletea sikioni maneno yake waziwazi. Hakuwa akisema na Kastner. Alisema na Loveth, binti wa Morogoro aliyeajiriwa kupima mizigo.

"Teremka, binti. Uzito umezidi."

Loveth aliteremka na kibegi chake, amenuna. Kastner na watu wake wawili wenye bunduki walibaki ndani. Jenerali akafunga mlango, akawasha injini.

Hapo Yusta alielewa kwa nini binti ameteremshwa. Alishika redio, akaiweka kwenye masafa ya ndege. Kastner na watu wake hawakujua Kiswahili zaidi ya kile cha bei.

"Shikamoo, Mzee."

Ikaja sauti ile ile ya darasani.

"Marahaba, Yusta."

"Mafuta yana maji."

"Nimeyaona."

"Zima injini. Polisi wanakuja. Utaishi."

"Nitaishi wapi, mwanangu?"

Redio ilizimwa.

Kidole cha Yusta kilikuwa kwenye kifyatulio. Hakikukaza. Cessna ilikimbia, ikanyanyuka, ikavuka mikonge. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Mbele kulikuwa na shamba tupu, tambarare, ambapo hata mwanafunzi angetua.

Jenerali aligeuza pua kuelekea kwenye mwamba.

Mlio ulifika baadaye kidogo. Yusta alilia akiwa amelala vilevile, kisha akajifuta, akatoa risasi kwenye bunduki. Alimkuta Loveth amekaa chini uwanjani, akamfunga pingu.

Polisi walipomchukua binti, simu iliita.

"Kuku?"

"Hawakufika popote."

"Jogoo?"

"Amekufa."

Mkuu alimsifu kwa kazi nzuri, akampa maelezo ya kuwapa ndugu: marehemu alikuwa akinyunyizia mashamba dawa. Yusta akakata simu.

Nyumbani kwa Jenerali, mjini Kilosa, akina mama wa kanisa walikuwa wameshajaa sebuleni. Mama Magreth, mkewe, alikaa wima katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alikuwa anafanya nini na wale watu?"

Jibu la Mkuu lilikuwa tayari mdomoni. Yusta akalimeza.

"Alikuwa anawabebea meno ya tembo, mama. Leo ameacha."

Mama Magreth alitazama sakafu, kisha akaomba jiko liwashwe, maana wafiwa wa mbali wangefika wana njaa.

Yusta akatoka, akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akawasha pikipiki.