Wangapi Wanaingia Majini

Aliyepatwa na haya ni binamu yangu Kananu, na kabla hujaanza kucheka, ujue Kananu ni mwalimu wa jiografia. Ukimsimulia habari za majini, anakuuliza jini lenyewe lilikuwa na kitambulisho cha wapi.

Ilikuwa Novemba 1997, mvua ya El Nino ilipozigeuza barabara za Mandera kuwa uji. Kananu alikuwa ametumwa kusimamia mtihani wa darasa la nane katika kijiji kimoja juu ya Rhamu, karibu na Malka Mari, pale mto Daua unapochomoka kwenye magenge. Mtihani ukaisha. Helikopta ikaja kuchukua karatasi. Karatasi zikapata nafasi. Mzungu mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa malaria naye akapata nafasi. Msimamizi akaambiwa asubiri safari ya pili.

Safari ya pili haikuja. Wiki mbili alikunywa chai ya maziwa ya ngamia na kusahihisha madaftari ambayo hakuna aliyemwomba asahihishe. Jumanne moja asubuhi, akienda msalani, akaona damu.

Ilikuwa kidogo tu. Lakini alikuwa na mimba ya miezi minne na nusu, na hakuna mtu aliyeijua, hata mumewe Silas kule Meru. Mimba mbili za kwanza alizitangaza mapema. Shali zikafumwa, mama mkwe akagawa majina, na zote mbili zikatoka zilipoingia mwezi wa tano. Hii ya tatu alikuwa ameapa haitatajwa mpaka itoke ilie yenyewe.

Daktari wa karibu alikuwa Rhamu, kilomita sitini hivi, na njia iliyobaki ilikuwa mto. Huko mtoni alikuwapo Jonas.

Jonas alikuwa Mnorwe, mwenziwe yule wa malaria. Alikuwa mmoja wa wale watu wanaovuka bahari kwenda kutafuta maji ya kuwazamisha. Alishashuka mito ya misituni huko Borneo na Kosta Rika, na sasa alitaka Daua iliyofurika. Alikuwa na kayaki ya watu wawili, mtumbwi mwembamba wa plastiki. Unaketi miguu ikiwa ndani, kisha unajifunga kiunoni sketi ya mpira inayoziba tundu ili maji yasiingie.

"Dada Kananu, wewe u mgonjwa?" aliuliza, kwa Kiswahili sanifu kuliko cha mkaguzi wa shule.

"Malaria," akasema Kananu. "Nikalishe mbele. Nipe kasia. Usiniulizeulize."

Asubuhi ya Alhamisi, saa mbili, wakashuka ukingoni chini ya mikoma, ile mitende ya porini. Msichana mmoja, Rahmo, alikuwa anapuliza moto chini ya birika la chai. Karibu naye punda mwenye sikio lililochanika. Na penye maji palisimama mwanamke mrefu, mkulima wa vitunguu, ameshika kamba iliyosokotwa kwa makuti ya mkoma. Watu walimwita Eddo Osob, shangazi wa kila mtu. Kazi yake nyingine ilikuwa kuufunga mto. Hakuna aliyevuka Daua hapo kabla Osob hajafunga fundo moja kwa kila roho inayoingia majini, ili mamba wazijue roho walizokatazwa. Shehe wa hapo hakuipenda kazi hiyo, ila siku ya kuvuka, yeye pia alisubiri kamba.

"Wangabi wanaingia maji, Maalimu?" Osob akauliza, kwa ulimi wa Kisomali usio na p.

"Wawili."

Osob hakufunga. Macho yake yalishuka polepole hadi kwenye jaketi la kuelea la Kananu, usawa wa tumbo, yakatulia hapo.

"Uliza moyo yako. Wangabi?"

"Wawili, Eddo. Mimi na huyu. Kwani unaona wa tatu?"

"Mimi nafunga ile naambiwa," akasema Osob. "Bismillahi." Mafundo mawili. Kisha akasema kitu kwa Kisomali, na Kananu, mwenye miaka mitatu katika wilaya ile, alikielewa vizuri akajifanya hakukielewa. Osob alisema: asiyehesabiwa hatoki.

Wakaondoka.

Saa ya kwanza ilikuwa ya kawaida, kama kuna kawaida ya kuchezea kifo kwa kofia ya plastiki. Maji yalikuwa mekundu, mazito. Kwenye genge mto ulijikunja ukaanguka ngazi tatu. "Piga kushoto! Kushoto!" Jonas alipiga kelele nyuma yake. Jiwe jeusi likapita karibu na sikio. Pua ya mtumbwi ikazama, ikaibuka. Halafu maji yakatulia, na Kananu akagundua amelia bila kujua.

Kona ikafuata. Baada ya kona, mikoma. Chini ya mikoma, msichana akipuliza moto.

Vijiji vinafanana, akajiambia. Punda pia wanafanana. Hakulitazama sikio.

"Ni kijiji kipi hiki?" Jonas akauliza.

"Kingine."

Mwanamke mrefu alisimama penye maji, kamba mkononi. Hakuwapungia. Wakapita.

Genge. Ngazi tatu. Jiwe jeusi, lile lile, karibu na sikio lake lile lile. Maji yakatulia. Kona. Mikoma. Rahmo alikuwa anapuliza moto, na birika lilikuwa bado halijachemka.

"Dada," Jonas akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mto hauwezi kuzunguka."

"Najua. Mimi ndiye ninayefundisha hayo."

"Basi tutoke."

Wakapiga makasia kuelekea ukingoni. Ukingo ulikuwa mita tatu. Wakapiga. Ulikuwa mita tatu. Kananu angeweza kuhesabu miiba kwenye zizi la punda, lakini kasia halikufika. Akaingiza mkono kiunoni, akakamata ule mkanda unaovutwa ili sketi ya mpira ifunguke. Akavuta. Mpira haukusogea. Ulikuwa umembana kama ngozi yake mwenyewe.

Safari ya tatu, mamba wakatokea.

Hawakushambulia. Walikaa juu ya maji kwa mistari miwili, kushoto na kulia, midomo imefungwa, wakienda na mtumbwi bila kupiga mkia. Kila kichwa kilikuwa kimegeukia mbele ya mtumbwi, alipoketi Kananu. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Jonas. Hawakuyatazama macho ya Kananu pia. Walitazama chini kidogo.

Jua lilikuwa pale pale lilipokuwa saa mbili.

"Dada," Jonas akanong'ona. "Acha kupiga kasia."

"Nimeacha."

"Mimi pia nimeacha."

Katikati ya ukimya, karibu kabisa, kitu kilikuwa kinapiga maji. Tap. Tap. Polepole, kidogo kidogo, kama kasia la mtu asiyejua kupiga. Sauti haikutoka nje ya mtumbwi.

Kananu akahisi maumivu yakimkata chini ya kitovu. Aliyajua. Mara mbili alishayajua. Yalianza hivyo hivyo, kwa ustaarabu, kama mtu anayebisha hodi.

Genge. Ngazi. Jiwe. Kona. Akapita tena mbele ya mikoma akiwa ameuma meno. Osob alikuwa mbali, mita hamsini, na midomo yake haikufunguka. Lakini sauti ilikuja sikioni, kavu, bila haraka.

"Wangabi?"

Hapo, aliniambia Kananu, ndipo alipokasirika. Si kwa mto. Kwa nafsi yake. Maisha yake yote amewacheka watu wa kujifanya, na hapo, amefungwa kwenye plastiki na mamba pande mbili, alikuwa bado anajifanya. Aliogopa kulitaja neno kuliko alivyoogopa meno. Maana akilitaja, litakuwa mtoto. Na mtoto anaweza kufa.

"Watatu!" akapiga kelele. "Tuko watatu! Mwanangu yumo! Mhesabu na yeye, Eddo, mhesabu!"

"Nani watatu?" Jonas akauliza nyuma. "Dada, nani?"

Osob aliinama juu ya kamba.

Mtumbwi ukapinduka.

Giza jekundu. Kichwa chini. Maji puani. Sketi imembana. Kitu kigumu, chenye magamba, kikapita kwenye shavu lake taratibu, kikasimama tumboni, kikagusa. Mara moja. Kikaondoka. Akavuta mkanda.

Mpira ukaachia.

Watu wa Rhamu waliwakuta kando ya pampu ya kumwagilia mashamba ya ndizi, wamelala matopeni. Saa ya Jonas ilisema saa tatu na nusu asubuhi. Kilomita sitini kwa saa moja na nusu. Jonas aliitazama saa, akaivua, akaitia mfukoni, na hakuzungumza tena Kiswahili, sanifu au kibovu. Baadaye aliandika kwenye gazeti lao la mitumbwi kwamba Daua ni mto wa kawaida, hauna la kumvutia msafiri mzoefu. Sijui alikuwa anamdanganya nani.

Kwenye zahanati tabibu alimpima Kananu mara mbili. Damu ilikuwa imekatika. Jioni hiyo alimpigia Silas simu ya posta, akamwambia kwa sauti ambayo kila mtu kwenye foleni aliisikia vizuri: mimi ni mjamzito. Foleni ikampigia makofi.

Mtoto alizaliwa Meru mwezi wa Aprili, msichana, kilo tatu na robo. Mimi nilikuwapo mlangoni, kwa hiyo hili la mwisho sikuhadithiwa. Muuguzi aliitwa Kanana, mama mtu mzima asiye na subira na upuuzi. Alikuwa amemwosha mtoto, amemkausha, amemfunga. Kisha akatuita.

"Mama, huyu ulimzalia wapi?"

"Si hapo kitandani? Si wewe ulimpokea?"

"Ndiyo maana nauliza." Akaifungua ile ngumi ndogo, kidole kwa kidole. Ndani mlikuwa na mchanga mwekundu, mbichi, baridi. Kanana akaupangusa kwa pamba. Mtoto akafumba ngumi, akalala.

Kanana akangoja kidogo, akaifungua tena.

Ulikuwapo.