Nyuso Ishirini na Mbili Zinazocheka

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, mjukuu wangu wa kike, Mot, alikuwa ameshapuliza moto na kuweka kikapu cha wali wa kunata juu ya mvuke. Jina lake la cheti ni refu na zuri, lakini kijijini kwetu nani ana muda wa jina la cheti? Alizaliwa mdogo, mweusi, mwenye haraka, tukamwita Mot, yaani sisimizi. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, na haraka yake haikuwa imepungua.

Watawa walipopita na bakuli zao za kupokea sadaka, nilipiga magoti kando ya barabara nikawatilia wali. Kisha nikapanda ngazi kumwamsha mgeni wetu.

Mgeni huyo alikuwa mwalimu wa kujitolea kutoka Wales, nchi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ina kondoo wengi kuliko watu. Alikuja mwezi wa tano, akiletwa na chama cha kujitolea, kufundisha Kiingereza mwaka mzima wa shule bila mshahara, akapewa chumba kwangu. Jina lake, Bronwen, lilikataa kukaa midomoni mwetu. Kwa kuwa alishuka garini siku ya mvua ya kwanza, akalowa mpaka soksi, tulimwita Fon, yaani mvua.

"Tamu, Mwalimu?" nilimuuliza kila asubuhi, nikimwekea samaki wangu wa kuvundika. Samaki hao hukaa mtungini miezi minane, na harufu yao inaweza kumfufua marehemu akaomba wali.

"Tamu sana, Bibi!" Hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza katika lugha yetu.

Basi nami nikamwongezea. Mgeni akisifu, utamnyima? Mwaka ule mbwa wetu alinenepa ajabu uvunguni mwa nyumba yetu iliyoinuliwa juu ya nguzo, nami sikujiuliza kwa nini.

Mot na Fon waliongozana kwenda shule kwenye kijia kilichokata majaruba ya mpunga. Darasani walikuwa wanafunzi ishirini na wawili. Waliimba nyimbo za Kiingereza kwa sauti moja kama vyura wa msimu, na kunakili ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Mwisho wa somo Fon aliuliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" waliitikia wote kwa Kiingereza.

Kila Ijumaa aliwagawia karatasi yenye nyuso tatu: unaocheka, ulionuna, na unaolia. Aliyeelewa masomo ya wiki atie alama penye uso unaocheka. Kila Ijumaa Fon alikusanya nyuso ishirini na mbili zinazocheka, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Ukweli ni kwamba hawakuelewa kitu. Lakini mwalimu ametoka mbali, amewaacha kondoo wake, anatoka jasho mbele yako. Utamwambiaje kwamba kazi yake imepita juu ya kichwa chako kama korongo? Ungemwaibisha. Na mimi sina budi kusema ukweli: aliyemfundisha Mot hivyo ni mimi. "Mgeni haaibishwi," nilimwambia siku ya kwanza kabisa. "Akiuliza, itikia."

Na ukishaitikia mara mia, ya mia na moja utaikataaje?

Haya, watoto wengine walikuwa wanakosa maana ya nyimbo tu. Mot alikuwa anakosa zaidi.

Baba yake alifariki Mot akiwa bado anatambaa. Mama yake, binti yangu Lamduan, alikwenda Australia miaka sita kabla ya hapo, akaolewa huko, na sasa anachuma nyanya kwenye mabanda makubwa ya plastiki. Kila mwaka alisema atakuja mwakani. Huyo Mwakani ana miguu mizito, hajawahi kufika kwetu.

Huko Lamduan alipata mtoto wa kiume, Toby, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu. Toby hajui lugha yetu hata ya kuombea maji. Kila Jumapili mchana walipiga simu ya picha. Mama akishaongea, Toby alinyakua simu, akaegemeza pua yake kwenye kioo na kumwaga Kiingereza kama mahindi yanayotoka guniani. Mot alishika neno moja tu, jina lake. Mengine yote aliyajibu, "Ndiyo! Ndiyo!" huku akicheka mpaka mashavu yakamuuma.

Simu ikikatika, aliendelea kukitazama kioo cheusi.

"Bibi," aliniambia siku moja, "nataka kumwambia kitu kimoja cha kweli kabla hajawa mkubwa akanisahau. Kitu kimoja tu."

"Si una mwalimu ndani ya nyumba?" nilimjibu. "Jifunze."

Lakini hata pale mkekani, Fon akimweleza jambo na kumuuliza kama ameelewa, Mot alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa namtazama kwa fahari. Mtoto mwenye adabu!

Mwezi wa tisa, mpunga ukiwa umesimama kiunoni, Fon alirudi kutoka shule bila kupiga mluzi. Alikaa kwenye ngazi akavua viatu taratibu.

"Bibi, Mot, mimi kwenda," alisema kwa lugha yetu, aliyokuwa bado anaikanyaga vidole. "Wiki moja, kisha kwenda. Shule ya milimani hakuna mwalimu. Chama kusema, watoto wa hapa kuelewa yote. Karatasi kuonyesha."

Mot aliacha kupepeta mchele. "Si ulisema mpaka mwezi wa tatu?"

"Ndiyo. Lakini ninyi kumaliza haraka. Ninyi hodari sana!" Akatabasamu, na macho yake yalikuwa na maji.

Mot alishuka ngazi akaenda kukaa uvunguni na mbwa. Nilimfuata, ingawa magoti yangu hayapendi mambo ya uvunguni.

"Nimwambie, Bibi? Nimwambie kwamba hatuelewi?"

"Umwambie sasa hivi, baada ya miezi minne? Mwalimu Mkuu ameshawatumia wakubwa barua ya kujisifu. Utamwangusha Fon, utamwangusha Mwalimu Mkuu, na darasa zima. Nyamaza, mama. Tutamfungia nyuzi za baraka mkononi, aende salama."

Nilidhani nimemshauri vizuri.

Jumapili simu ililia kama kawaida, lakini Lamduan hakuwa anacheka.

"Mot, ulimwambia nini mdogo wako wiki iliyopita?"

"Mimi? Sikumwambia kitu, Mama."

"Anasema alikuuliza kama utakuja kesho, ukamjibu ndiyo. Akakuuliza tena, ukamjibu ndiyo. Jumatatu nzima amekaa getini. Amevaa kofia yake ya jua, na ya pili ameishika mkononi, anasema ni ya dada. Nilimwingiza ndani kwa nguvu, akalala na kofia zote mbili."

Nyuma yake tulimwona Toby. Alituangalia mara moja, akatugeuzia mgongo.

Mot aliita jina lake. Hakugeuka. Na Mot hakuwa na neno la kumwambia, kwa sababu yale machache aliyoyajua yote yalikuwa ya kukubali.

Siku ile hakula. Kikapu cha wali kilibaki kimefunikwa. Nilimwona tu akipitisha kidole kwenye kioo cha simu, pale ilipokuwa pua ya mtoto.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kupika chakula cha shule, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu kupitia dirishani, mwiko mkononi. Bi Kannika, mkubwa wa kile chama cha kujitolea, alikuja na cheti cha pongezi ndani ya fremu. Mwalimu Mkuu Prayun alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukata tango.

"Watoto," aliuliza Bi Kannika, "kwa hiyo mnaelewa masomo yote ya Mwalimu Fon?"

"Ndiyo!" waliitikia.

Ilikuwa ndiyo ya sauti ishirini na moja. Mot alisimama, akaunganisha viganja mbele ya uso, akainama.

"Samahani sana," alisema. "Mimi sielewi."

Nyuma yake alikaa Chang. Chang maana yake tembo, ingawa kijana mwenyewe ni mwembamba kama ufito. "Kaa chini, sisimizi wewe!" alinong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka jikoni. "Unatuvua nguo mbele ya wageni!"

"Tukibaki nazo, Mwalimu anaondoka," Mot alimjibu bila kugeuka.

Fon alisogea karibu. "Mot, kutoelewa tangu lini?"

"Tangu somo la pili, Mwalimu."

"La kwanza kuelewa?"

"La kwanza tuliimba tu."

Hakuna aliyecheka. Mot alianza kulia, lakini hakukaa. "Tulisema ndiyo ili usione aibu. Sikujua kwamba ndiyo inaweza kumuumiza mtu. Mdogo wangu amekaa getini siku nzima kwa sababu ya ndiyo yangu. Usiende, Mwalimu. Hatujaanza hata kujua."

Mara kiti kikakwaruza sakafu. Chang alikuwa amesimama, masikio mekundu. "Mimi pia sielewi," alisema. "Mimi hata wimbo wenyewe sijui unamhusu nani." Akasimama wa tatu, na wa kumi, mpaka darasa zima likawa wima.

Mwalimu Mkuu alibadilika rangi mara mbili. "Mmenidanganya hata mimi!" alisema. Lakini alipomwona Fon amepangusa macho na kuanza kucheka, hasira ilimpotea.

"Kosa langu pia," alisema Fon. "Mimi kuuliza swali lenye jibu moja tu. Mwalimu mzuri kusikiliza. Mimi kupenda sana kusifiwa."

Bi Kannika alikirudisha cheti kwenye mkoba wake. "Shule ya milimani itapata mwalimu mwingine mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Tuliwaza kwamba hapa kazi imekwisha. Kumbe haijaanza. Fon, utabaki mpaka mwezi wa tatu kama tulivyopatana. Nanyi, watoto, tafadhali msiniletee tena nyuso za kuchora."

Nilirudi jikoni nikakuta mchuzi umeungua. Niliwapakulia hivyo hivyo. "Tamu, Bibi!" walisema wote, halafu wakatazamana.

Jioni ile Fon alikaa mkekani, akaunganisha viganja mbele yangu kwa heshima kubwa.

"Bibi," alisema, "leo siku ya kweli. Samaki wako... si tamu. Mimi kumpa mbwa. Kupitia pale." Akanionyesha mwanya kati ya mbao za sakafu.

Miezi minne! Nilinuna siku mbili nzima, na siku ya tatu nikamkaangia mayai. Alikula yote manne. Uvunguni, mbwa alilia kama aliyefiwa.

Tangu hapo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani kabla hajauliza swali moja. Chang aliuliza mengi hadi Fon akamwomba apumzike. Na pale mkekani Mot alisema "sielewi" mara kumi kwa siku. Fon akaanza upya, polepole, kwa mawe, kwa vijiti, kwa punje za mahindi. Tulivuna mpunga, baridi ikaja ikaondoka, na mwezi wa tatu ukafika na vumbi lake. Tulimfungia Fon nyuzi nyeupe za baraka mkononi, nyingi mpaka kiwiko kilikataa kukunjika. Mot alifunga wa mwisho. Gari lilipoondoka tulisimama barabarani mpaka vumbi likatua, kisha tukasimama tena kidogo, kwa sababu nyumbani kulikuwa na chumba kitupu.

Jumapili iliyofuata simu ililia. Toby aliegemeza pua kwenye kioo akauliza swali lake lile lile, na safari hii Mot alilielewa. Nilimwona akivuta pumzi.

"Hapana," alimjibu kwa Kiingereza. "Kesho siji."

"Lini?"

"Sijui. Lakini nataka kuja. Ninakukumbuka kila siku."

Haya yote alinitafsiria baadaye. Pale nilichoona ni Toby ameondoka mbio, nikadhani amekasirika tena. Mara akarudi na kofia ndogo ya jua, akaigandamiza kwenye kioo mpaka tukawa hatuoni kitu isipokuwa kitambaa.

"Yako," alisema. "Naitunza."

Simu ilipokatika, Mot alitafuta nyundo, akapigilia msumari ukutani karibu na mlango.

"Utatundika nini hapo?" nilimuuliza.

"Kofia, Toby akiileta."

"Na Mwakani asipofika?"

"Basi msumari utasubiri, Bibi."

Nilimketisha mkekani. Nilikuwa na deni kwake, na mtu mzima naye hujifunza, hata kama magoti yameshachoka.

"Sikiliza, Mot. Mimi ndiye niliyekwambia uitikie. Nilikosea. Heshima bila ukweli ni kama chungu kizuri kilichotoboka chini. Ukijua hujui, sema, maana kuuliza si ujinga. Aibu yake ni ya dakika moja, lakini ndiyo ya uongo kuna mtu mahali fulani anakaa getini akiisubiri. Umeelewa?"

Alifikiri kidogo, sisimizi wangu.

"Bado, Bibi," alisema. "Rudia."

Nikarudia, polepole, huku sote wawili tukiutazama ule msumari.