Usivute, Tupa

Ilikuwa mwaka 2024, mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni. Asubuhi ya Alhamisi, katika uwanja wa gofu ulio kando ya ziwa jijini Mwanza, Nathaniel alipiga mpira wa kumi na nne kwa ile fimbo kubwa ambayo wachezaji huiita draiva. Mpira uliondoka vizuri, ukapinda kulia, ukatumbukia ziwani kama ilivyotumbukia mingine kumi na mitatu.

— Fimbo hii ni mbovu! alifoka, akaibwaga majanini.

— Iokote, alisema Ng'washi. Fimbo haina kosa.

Ng'washi Mayala alikuwa mwalimu wa gofu, mwanamke pekee mwenye kazi hiyo uwanjani pale, binti wa mzee wa Mkolani aliyewabebea wachezaji mikoba kwa miaka thelathini. Alikuwa pia mchumba wa Nathaniel. Jumamosi ya wiki iliyofuata Nathaniel angefungua mashindano ya kampuni iliyomwajiri kwa kupiga mpira wa kwanza mbele ya mkurugenzi. Alasiri ya siku hiyo hiyo, washenga wangepeleka barua ya posa Mkolani.

— Basi kosa ni la nani, mwalimu?

— La mikono yako. Piga tena, nikutazame.

Akapiga. Mpira ukaenda kuwasalimu sato.

Ng'washi hakucheka. Alisimama nyuma yake, uso umekunjamana.

— Ukiishusha fimbo, unaivuta ije kifuani. Bega la kulia linatangulia, kiuno kinarudi nyuma, kisigino unakichimbia ardhini. Uso wa fimbo unabaki wazi, mpira unakatwa pembeni. Nimefundisha watu wengi, Nathaniel. Kosa hili nimeliona kwa wavuvi tu. Hivi ndivyo mtu anavyovuta wavu.

— Mimi nimekulia Dar es Salaam. Wavu nimeuona golini.

— Nionyeshe viganja.

— Vya nini?

— Nionyeshe!

Alivinyosha shingo upande. Chini ya vidole, mkono huu na huu, kulikuwa na makovu ya zamani yaliyonyooka.

— Uliniambia ulianguka na baiskeli. Ni baiskeli gani inayokata viganja viwili sawasawa, kama kamba?

Nathaniel alikunja ngumi, akaficha viganja. Sauti ya Ng'washi ikatoka imebadilika.

— Yule mzee wa mwezi wa kumi na mbili, aliyekuja getini na kikapu cha sato. Mkurugenzi alikuuliza ni nani, ukajibu, "Ni mzee anayeniuzia samaki." Ulichukua kikapu, hukumwamkia hata kwa kunong'ona. Mimi ndiye niliyempa shikamoo. Mzee yule alisimama kama unavyosimama wewe, mguu wa kushoto umegeukia nje. Yule ni nani?

— Ng'washi, tuendelee na somo.

— Hili ndilo somo! Yule ni nani?

— Ni baba.

— Baba yupi? Huyu aliyekufa kwa ajali ya basi? Huyu ambaye baba yangu alimwombea kanisani, akimtaja kwa jina, machozi yakimtoka?

— Nisikilize, mpenzi wangu...

— Usiniite mpenzi! Umemzika mtu anayepumua!

— Hujui kazini kwetu wanavyozungumza. Ningesema mimi ni mtoto wa mvuvi wa Rorya, nani angenisikiliza?

— Mimi ni mtoto wa mbeba mikoba, na ninasikilizwa. Au na mimi unanionea aibu?

— Sijawahi!

— Zamu yangu haijafika, ndiyo maana. Siku ikikulazimu, utamwambia mkurugenzi wako kwamba mimi ni mwanamke anayekuokotea mipira.

Alivua pete ya uchumba. Hakumtupia, kwa kuwa alilelewa vizuri. Aliiweka juu ya kile kijiti cha kuwekea mpira, akaondoka kwa hatua ndefu, pasipo kugeuka.

Jioni Nathaniel alituma ujumbe: "Nisamehe. Acha barua ya posa iende, baadaye nitamweleza mzee wako ukweli."

Jibu lilifika upesi: "Barua hiyo ikifika Mkolani bila baba yako, nitaichana mbele ya washenga. Una deni la shikamoo. Uliinyima mbele ya mkurugenzi, utaitoa mbele ya mkurugenzi. Ya uchochoroni sitaihesabu."

Akapiga simu.

— Unataka nifukuzwe kazi?

— Nataka nijue ninaolewa na nani.

Simu ikakatwa.

Jumanne Nathaniel alirudi uwanjani peke yake, fimbo begani, macho mekundu.

— Nimekuja kama mwanafunzi.

— Mwanafunzi simfukuzi. Simama. Mpira uwe mkabala na kisigino cha kushoto. Legeza vidole, hukabi mwizi! Sasa niambie: huko kwenu ziwani, mbali na kuvuta wavu, mliufanya nini kingine?

— Tuliutupa. Kuna wavu wa kutupa. Baba alinifundisha nikiwa darasa la pili.

— Unatupwaje?

Alifikiri. Kwa mara ya kwanza alijibu kuhusu kwao bila kutazama pembeni.

— Unageuka kwanza kwa kiuno. Mikono imelegea, inafuata, halafu unaiachia iende mbele. Ukitanguliza mikono, wavu haufunguki, unaanguka kama tambara.

— Basi baba yako alikwisha kukufundisha gofu. Usivute, tupa.

Mpira wa kwanza ulipinda kidogo. Wa pili ulisita. Wa tatu ulinyooka juu ya majani, ukatua katikati ya njia, mbali kuliko alivyowahi kupiga. Nathaniel aligeuka akitabasamu.

— Mpira umenyooka, alisema Ng'washi. Wewe bado.

Jumamosi watu walijaa. Nathaniel alisimama mbele ya wote, akageuka kwa kiuno, akatupa. Mpira ulikwenda kama uliochorewa mstari. Makofi yakavuma.

— Kijana! alisema mkurugenzi, Bwana Zadok. Juzi tu ulikuwa unalisha samaki. Nani amekunyosha?

Kabla hajajibu, sauti ya mlinzi ilisikika getini:

— Mzee, wauza samaki hupita mlango wa nyuma!

Aliyezuiwa alivaa koti lililompwaya, kikapu mkononi. Alikuwa ameondoka Rorya jana, kwa kuwa mwanawe alimpigia simu na kumwambia neno moja: njoo.

— Mwalimu wangu ni Ng'washi Mayala, yule pale, alisema Nathaniel. Na aliyenifundisha kabla yake ni huyo anayezuiwa getini.

— Yule muuza samaki wako?

— Nilikudanganya, mkurugenzi. Hajaniuzia samaki hata siku moja. Ni baba yangu.

Minong'ono ikakatika. Bwana Zadok alimkazia macho.

— Mtu anayemkana baba yake, kampuni yangu atashindwaje kuikana? Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu.

— Nitakuja.

Nathaniel alishuka hadi getini, macho ya wote yakimfuata mgongoni. Mzee Odongo, baba yake, alirudi hatua moja. Alimwita mwanawe kwa jina la nyumbani, ambalo uwanja ule haukuwahi kulisikia.

— Okeyo, nirudi? Watu wako wanatazama.

— Waache watazame.

Akaweka fimbo chini, akainamisha kichwa.

— Shikamoo, baba.

Mzee hakuitikia mara moja. Aliiacha salamu ile isubiri, kama yeye alivyosubirishwa.

— Marahaba, alisema hatimaye.

Ng'washi alikuwa amekwisha kufika nyuma yao. Alimpokea mzee kikapu kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Nathaniel, hasira haijamtoka yote machoni.

— Hiyo ni ya mwezi wa kumi na mbili. Lipa na ya leo, halafu unirudishie pete yangu. Mkolani wanatungoja saa kumi.

Nathaniel akainama tena, chini zaidi.

— Shikamoo, baba.